Ndege ya kupigia picha majaruba: kisa cha fundi simu wa Tabora

Kuna fundi simu Tabora mjini, kijana mtulivu mwenye mkono mwepesi wa kuchomea, simu iliyoingia maji akiishika wewe nenda kanywe chai ukirudi inawaka. Huyu ndo alinitafuta na swali fupi tu: kaka, nataka kununua ndege ya rimoti ya kupigia picha angani, hii hapa unaionaje? Akatuma na picha yake. Ndege kweli ya kuvutia, mfano wa Cessna, nyeupe yenye mstari mwekundu, magurudumu matatu, propela mbele, hadi madirisha ya rubani yamechorwa. Muuzaji wa mtandaoni kaandika chini yake kwamba inafaa sana kwa picha za anga.

Mi sikumjibu inafaa au haifai. Nilimuuliza, fundi, picha yenyewe ni ya nini?

Akaeleza. Kuna kikundi cha wakulima wa mpunga huko Uyui, upande wa barabara ya kwenda Nzega, wana mbuga yenye majaruba (vile vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo), eneo la kama hekta 60, yaani ekari 150 hivi, limekaa kama mstatili wa kilomita moja kwa mita 600. Kila msimu ni ugomvi wa maji, wa juu anaziba, wa chini anakauka, na mwenyekiti wao, mzee mmoja mstaafu, amechoka kusuluhisha watu kwa kuchora chini na kijiti. Wanataka picha moja kubwa ya eneo zima, kila jaruba lionekane na kila kingo ionekane, iprintiwe itundikwe ofisini kwao, halafu wakae chini wapange mfereji mpya upite wapi. Fundi ana shemeji yake mle kwenye kikundi, akasema kazi hiyo ataifanya yeye, wakachanga, na yeye akaongeza ya kwake, ikafika milioni moja na nusu. Hiyo ndo iwe ndege, kamera, betri, chaja, nauli, kila kitu.

Sasa hapo nikamwambia aiweke Cessna pembeni kwanza, tuanze mwisho turudi mwanzo, maana watu wengi wanaanza na ndege halafu wanatafuta pa kubandika kamera, alafu wanatafuta pa kutua, alafu ndo wanajiuliza picha itatoka vipi. Mpangilio mzuri ni kinyume chake: picha kwanza, kamera ya pili, sehemu ya kutua ya tatu, ndege inakuja mwishoni kabisa na mara nyingi ikifika zamu yake imeshajichagua yenyewe.

Picha sasa. Kingo ya jaruba kule ina upana wa sentimita 30 hadi 40. Picha za bure za setilaiti, zile za Sentinel-2 za Ulaya, nukta moja ya picha (pikseli) inafunika mita 10 kwa 10 za ardhi, yaani jaruba dogo zima linamezwa na nukta mbili tatu, kingo huioni hata uombe dua. Ndo maana wanahitaji ndege na sio kudownload tu. Ili kingo ionekane vizuri hadi mtu aone pale ilipobomoka, inabidi ipate nukta kama nane hadi kumi kwa upana wake, kwaiyo tukaweka lengo kwamba nukta moja isizidi sentimita 4 za ardhi. Hilo ndo sharti namba moja na kila kitu kingine kilitoka hapo.

Hesabu yake sio ngumu, fundi aliielewa mara moja: chukua ukubwa wa nukta moja kwenye sensa ya kamera (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), zidisha kwa kimo cha ndege, gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Mfano Canon S100, kakamera kadogo ka mfukoni ka mwaka 2011. Sensa yake ina upana wa milimita 7.44 uliogawanywa nukta 4,000, kwaiyo nukta ni milimita 0.00186. Urefu wa fokasi, lenzi ikiwa haijavutwa, ni milimita 5.2. Ndege ikiwa mita 100 juu, nukta moja chini inakuwa sentimita 3.6 na picha moja inafunika mita 143 kwa 107. Hapohapo tunaona tumeingia kwenye lengo, na mita 100 ni kimo ambacho bado unaiona ndege yako kwa macho bila kuhangaika.

Fundi akauliza swali ambalo fundi simu yeyote angeuliza: kwani simu haiwezi? Ana masimu mabovu dukani ambayo kioo kimekufa ila kamera ni nzima, megapikseli kibao. Swali zuri na nilikaa nalo kidogo, maana kwa karatasi simu inashinda. Shida ni tatu. Kamera ya simu haina shata ya kufunguka na kufunga, inasoma sensa mstari kwa mstari kuanzia juu kwenda chini, na ndege ikiwa inatetemeka na kukimbia mita 13 kwa sekunde, juu ya picha na chini ya picha vinapigwa muda tofauti, kingo iliyonyooka inatoka imejikunja kama nyoka. Ya pili, simu nyingi nzuri zina ile lenzi inayoelea kuzuia mkono kutetemeka, na mtetemo wa mota unaifanya hiyo lenzi icheze ovyo. Ya tatu fokasi, simu inatafuta fokasi kila mara, juu ya majaruba yenye maji inaweza kufokasi kwenye tafakari ya mawingu. Alikuwa pia na GoPro ya kuazima kwa rafiki yake mpiga video za harusi, hiyo nayo ina tatizo lilelile la kusoma mstari kwa mstari, na juu yake lenzi pana inayopinda kingo za picha, unaweza kuinyoosha kwenye kompyuta lakini unapoteza pembeni. Kwa video ya kuonyesha bibi harusi anavyoingia ukumbini ni safi. Kwa ramani hapana.

S100 ina shata ya kweli, ina GPS ndani, inazidi kidogo tu gramu 190, na zaidi ya yote inakubali CHDK, ile programu ya bure inayowekwa kwenye memori kadi na kuifanya kamera ipige yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa, pia unafunga fokasi isitafute na unaweka shata 1/1000. Hiyo shata ina maana yake. Kwa mwendo wa mita 13 kwa sekunde, ndani ya 1/1000 ndege inasogea sentimita 1.3, chini ya nukta moja, picha inatoka kali. Ukiacha kamera ijiamulie ikachagua 1/250 ndege inasogea zaidi ya sentimita 5 na umeshaharibu lengo lako la sentimita 4 bila kujua, utakuja kulaumu lenzi. Tukaipata ya mtumba. Tuliikagua kama lenzi inatoka na kurudi bila kukwama, maana hizi zikila vumbi zinakwama na kuandika lens error na hapo ndo mwisho wa habari.

Swali la kutua ndo lilimaliza Cessna.

Nikamwambia, nionyeshe utatua wapi. Akasema kuna barabara ya vumbi pembeni ya mbuga. Nikamwomba akaipige picha. Barabara ipo, ila upande mmoja miembe na upande wa pili mfereji, na katikati ina mfupa wa nyasi, magari yamechimba pande mbili. Magurudumu ya ndege ya povu yana upana wa kidole, hapo yanaingia kwenye shimo la kwanza na ndege inapiga pua. Ukiacha barabara unabaki na mbuga yenyewe. Na udongo wa mbuga mnaujua, mweusi, masika ni tope linalokuvua kiatu, kiangazi unapasuka nyufa ambazo unaweza kuzamisha mguu wa mbuzi. Hakuna gurudumu la kuchezea linalotua hapo. Kwaiyo ndege lazima itue kwa tumbo, juu ya mashina ya mpunga uliovunwa, ambayo kusema kweli ni godoro zuri kuliko lami.

Ukishasema kutua kwa tumbo, propela ya mbele inakuwa mzigo. Ndege ya magurudumu ukiitua bila magurudumu inachimba na propela, inavunja propela, wakati mwingine inapinda na shafti ya mota. Kuna zile za muundo wa glaida ambazo propela ya mbele inajikunja ikizimwa, hizo zinatua kwa tumbo bila shida, lakini pua yote imejaa mota na kamera unahangaika nayo, na ukipiga kwa mbele kidogo propela inakatiza picha. Kwaiyo propela inaenda nyuma, juu ya mgongo, ikisukuma badala ya kuvuta. Bawa liwe juu ya mwili na liwe limeinuka kidogo kwenye ncha ili ndege ijinyooshe yenyewe rubani akizubaa. Umbo hili Multiplex wa Ujerumani walilifanya lipendwe sana na wanaojifunza kupitia EasyStar yao, baadaye zikaja Bixler na Skywalker na ndugu zao wengi. Na sio mambo ya kuchezea tu, Zanzibar walipoanza kupiga ramani ya Unguja na Pemba 2016, wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA walirusha eBee, nayo ni povu, propela nyuma, gramu kama 700, inatua kwa tumbo. Ile ina bei ambayo mimi na wewe tutaisoma tu lakini mantiki ni hiihii.

Povu nalo lina aina. Lile jeupe la kufungia tivi linaliwa na supaglu, linayeyuka mbele ya macho yako. Lile linaloitwa EPO haliyeyuki, linanesa, likivunjika unalibandika palepale shambani kwa supaglu ya dukani na kurusha tena. Kwa mtu aliye Uyui, ambako spea zinakuja na basi kutoka Dar, hicho ni kigezo kikubwa kuliko uzuri wowote wa kwenye picha.

Sasa tukabaki na swali la ukubwa, na hapa fundi na mimi tulibishana kweli. Yeye alitaka ile ya bawa la mita 1.4, aina ya Bixler, kwa sababu ni rahisi na inaingia kwenye buti la gari la shemeji yake. Sikatai, kwa kujifunza ni ndege nzuri mno. Ila tufanye hesabu. Bawa la mita 1.4 lenye upana wa sentimita 18 hivi lina eneo la kama mita za mraba 0.25. Ikiwa tupu na betri ndogo ina gramu 900, bawa linabeba kilo 3.6 kwa kila mita ya mraba, inaelea kama jani. Weka kamera, weka otopailoti (kifaa cha kuiongoza ndege yenyewe) na GPS, weka betri kubwa, inafika kilo 1.3 na mzigo wa bawa unakuwa kilo 5.2. Ndege ileile ambayo ilikuwa inaacha kubebwa na hewa ikishuka chini ya mita 8 kwa sekunde, sasa inaacha kwenye mita 9.6. Haionekani tofauti kubwa ila wewe ndo unairusha kwa mkono, na mkono wako haujaongezeka nguvu.

Kuna kitu kingine wanaouza hawakisemi. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30 hewa ya pale ni nyepesi kwa kama asilimia 17 kuliko ile hewa ya kwenye vitabu, ya pwani na nyuzi 15, na hiyo peke yake inadai mwendo zaidi kwa asilimia 10 ili bawa libebe uzito uleule (hizo mita 8 na 9.6 nimeshaihesabia humo). Propela nayo inakamata hewa kidogo. Kwaiyo video unayoiona kijana wa Uholanzi anarusha ndege yake nzito kwa mkono mmoja huku anacheka, yuko usawa wa bahari na baridi juu, usiifanye kipimo chako.

Tukaenda kwenye familia ya Skywalker, bawa mita 1.9. Kwa upana wa sentimita 22 unapata mita za mraba kama 0.42, na ndege nzima ikiwa na kilo 1.8 bawa linabeba kilo 4.3 kwa mita ya mraba, inaelea hadi mwendo ushuke mita 8.7 kwa sekunde. Mzigo wote na bado ni mpole kuliko ile ndogo ikiwa imebeba. Bawa linatoka vipande viwili, buti la shemeji likatosha vilevile.

Nisiache kusema tulivyozikataa nyingine. Bawa tupu bila mkia, kama Skywalker X8 yenye mita 2.1, linabeba mzigo wa kutosha na linakata upepo vizuri, lakini kulirusha ni shughuli, wengi wanatumia mpira wa kuvutia, na likitua linateleza mbali, na kijana anayejifunza hajui mbele yake wala nyuma yake ni wapi likigeuka. Droni ya propela nne, tuliizungumza bila unafiki: ingekuwa ni picha ya nyumba, ya msikiti, ya mkutano, droni inashinda asubuhi na mapema, inapaa palepale inatua palepale. Kwa hekta 60 kwa bei ya milioni moja na nusu mjadala unabadilika, betri za droni ndogo zinaisha mapema ukiwa na upepo, unahitaji kadhaa, na ikizima mota angani inashuka kama embe. Ya povu ikizima mota inaelea, una nusu dakika na zaidi ya kuamua. Zipo na zile zinazochanganya yote mawili, zinapaa wima halafu zinaruka kwa bawa, kama ile Wingcopter ya mradi wa DHL ya 2018 iliyokuwa inatoka Mwanza kwenda Ukerewe na dawa, kilomita 60 kwa dakika 40. Tamu kweli. Sio ya mchango wa wakulima.

Na kishada je? Msicheke. Mfaransa Arthur Batut alipiga picha za anga kwa kishada 1888, kabla ndege hazijakuwepo, na hadi leo ni njia nafuu kuliko zote. Inataka upepo usiokatika lakini, na Uyui asubuhi upepo umelala, ukiamka mchana unakuja na visulisuli vya vumbi. Nilikiweka akilini tu.

Hela zikagawanyika hivi, betri mbili za selo tatu za 5,000 mAh pamoja na chaja ya kueleweka zilikula zaidi ya fremu. Watu hawaamini hili hadi wapige hesabu wenyewe. Betri za LiPo zinataka adabu, usishushe chini ya volti 3.5 kwa selo, usiziache zimejaa volti 4.2 dukani wiki nzima kwenye joto la bati la Tabora, ziache kwenye 3.8. Fundi simu hapa hakuhitaji somo, yeye kila siku anatoa betri zilizovimba. Chaja aliyochagua inakula volti 12 kwaiyo shambani walichajia betri ya gari. Kingine kilichokula hela ni otopailoti, bodi ya kuendeshea ArduPilot, programu ya bure ya kuongozea ndege, na mwanzoni mwenyekiti hakuielewa. Akauliza, kijana wangu, kwani wewe huwezi kuiendesha kwa mkono, unalipia kichwa kingine cha nini? Fundi akanipigia nimsaidie kujibu. Shikamoo mzee, nikamwambia, kuruka ataruka, ila kwenda mstari ulionyooka kilomita nzima na kurudi pembeni yake mita 50 kamili, mara kumi na tatu, kwa macho kutoka chini, hakuna binadamu. Marahaba, akasema, basi kinunuliwe hicho kichwa.

Na hizo mita 50 hazikutoka hewani. Picha inafunika mita 143 kwa upana, ukitaka mistari ipishane kwa asilimia 65 ili programu ipate alama za kutosha za kuunganishia, kila mstari unasogea mita 50. Kwenda mbele picha ina mita 107, ukitaka zipishane asilimia 75 unapiga kila mita 27, kwa mwendo wa mita 13 ni kama kila sekunde mbili, kamera inaweza. Upana wa mita 600 ni mistari 13, kilomita 13, dakika 17, weka na kugeuka inakuwa 20 na kitu. Betri moja inarudi na akiba.

Kujifunza kulichukua muda wake na hapa fundi alifanya jambo nililolipenda. Aliweka kimfuko cha mchanga chenye uzito uleule wa kamera, palepale pa kamera, chini ya bawa kwenye sehemu ya uzito (pale ndege inapokaa sawa ukiinyanyua kwa vidole), ambayo kwa ndege hizi ni robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Akarusha hivyo hadi mkono ukazoea uzito halisi, mchanga ukianguka haulii. Kamera imepanda siku alipokuwa anatua anapotaka. Kwenye tumbo alichimba kashimo lenzi izame ndani sentimita mbili, na mbele yake akabandika kipande cha povu kinachokwaruza ardhi kwanza. Na kurusha ni hivi: tupa kwanza, propela iwashe baadaye, maana propela iko nyuma ya mkono wako na vidole havina spea. Usikanyage mafuta yote kwa pupa pia, mota iliyo juu ya mgongo ikivuta ghafla inasukuma pua chini, na hapo uko mita mbili tu juu ya ardhi.

Kibali kilichukua muda kuliko kujenga ndege. Wengine wanadhani ndege ya bawa sio droni kwaiyo haiwahusu, si kweli, kwa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kitu kinachoruka bila rubani ndani na kina kamera kinahusika, kanuni zipo tangu 2018. Kikundi kikaandika barua, serikali ya kijiji ikagonga muhuri, majirani wakaambiwa. Fundi alitamani kujaribia pale mjini nikamwambia weee, mji una uwanja wa ndege na una kambi ya jeshi, uende kule kule Uyui.

Siku ya kazi walichagua baada ya mavuno, lakini majaruba ya chini yalikuwa bado na maji. Hili linataka akili kidogo. Tabora iko nyuzi 5 kusini ya ikweta, jua la saa sita miezi fulani linakaa utosini kabisa, na maji yakiwa chini yanalirudisha moja kwa moja kwenye lenzi, unapata doa jeupe katikati ya kila picha. Ukipiga alfajiri unapata vivuli virefu vinavyoiongopea programu, ingawa kivuli kidogo kinasaidia kingo ionekane. Na upepo unaamka kadiri ardhi inavyopata joto. Ukiyaweka yote pamoja unabaki na kidirisha cha saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi, basi. Walitandika viroba vyeupe vimekatwa na kukunjwa msalaba kwenye kona na katikati, wakavipima kwa GPS, ili picha ikiunganishwa ijue iko wapi duniani.

Upepo ulikuwa unatoka mashariki. Mpango wa kwanza fundi alichora mistari mirefu inayofuata urefu wa shamba, mashariki magharibi, kwa sababu mistari mirefu ina kona chache. Nikamwambia geuza. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukikufuata mgongoni, ndege yenye mwendo wa mita 13 inakwenda 18 juu ya ardhi, zile mita 27 inazimaliza kwa sekunde moja na nusu na kamera haiwahi, unaacha mapengo. Ukikatiza upepo mwendo unabaki karibu sawa kwenda na kurudi. Kona zikaongezeka, dakika zikaongezeka, betri ilikuwa na akiba.

Iliruka. Katikati ya kazi mwewe wawili wakaja kuikagua, mmoja akajaribu kuishukia, fundi akapandisha ndege kwa nguvu, mwewe hao hawapendi kupanda kwa kasi, wakaachana nayo. Mistari miwili picha zake zikawa zimelala, ikabidi irudiwe kwa betri ya pili. Kutua, tumbo likakwaruza mashina, kikatoka kipande cha povu cha mbele, supaglu, kwisha.

Zilitoka picha kama mia tano. Fundi aliziunganisha kwa programu ya OpenDroneMap, ni ya bure, laptop ya memori GB 16 ilipumua kwa shida usiku kucha lakini ikamaliza. Kwenye majaruba yenye maji kuna mahali picha imejikunja kidogo kwa sababu maji hayana alama za kushika, hilo halikwepeki, ningependa wangepiga baadaye zaidi kwenye kiangazi maji yakiwa yamekauka ila wao walitaka waone maji yanaishia wapi, na wana hoja. Ilipotundikwa ofisini mzee mwenyekiti alisimama mbele yake muda mrefu, akaweka kidole kwenye kingo moja iliyobomoka upande wa juu, akataja jina la mwenye jaruba, na kikao kikaanzia hapohapo kabla hata viti havijapangwa. Mfereji mpya bado wanabishana.

Juzi fundi kanitumia ujumbe mwingine, kuna mtu wa Kigoma kaona kazi yake, anataka picha za mwalo wa Kibirizi, dagaa wakiwa wameanikwa, mitumbwi, ziwa nyuma yake. Akauliza aende na ileile. Nikamuuliza itatua wapi. Huku ziwa, huku watu na dagaa, nyuma vilima. Na picha wanayotaka ni ya kuangalia kwa pembeni, moja mbili tatu nzuri, sio ramani. Nimemwambia akodi droni, au kama anataka kujifunza kitu kipya, upepo wa mchana unaotoka ziwani pale unavuma bila kukatika, anunue kitambaa na kamba ashone kishada. Ameniuliza kamba ya uzito gani, naona ameshaanza.